Mali Yetu, Daftari Lao

Juni 2024 nilikuwa Busia, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, nimekaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa. Samaki haohao ukivuka geti wanaitwa omena. Mama yule alikuwa akipima kwa mkebe huku akiwaeleza wateja wake Mswada wa Fedha wa Kenya: mkate utawekewa kodi ya asilimia 16, mwenye gari atatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, na vijana wa Nairobi wamekataa. Vipengele vile alivijua kama anavyojua bei ya mkebe wake. Alikuwa amevisikia redioni kwa Kiswahili tangu asubuhi, na wateja walipomuuliza aliwajibu bila kusita. Wala si Mkenya.

Nikamuuliza, "Mama, na bajeti yetu sisi iliyosomwa Kololo juzi, ina nini?"

Akanitazama kidogo. "Mwalimu, ile ni trilioni. Trilioni ni hesabu ya wakubwa."

Bajeti hiyo ya mwaka wa fedha 2024/25 ilisomwa tarehe 13 Juni katika uwanja wa Kololo jijini Kampala, na jumla yake ilikuwa shilingi trilioni 72.1. Kwa sensa ya mwaka huohuo nchi ina watu wapatao milioni 45.9. Nikachukua simu nikagawa mbele yake: kila kichwa, na mtoto aliyezaliwa jana akiwemo, milioni moja na laki tano na ushei. Nilimweleza kwamba sehemu kubwa inakwenda kulipa madeni na haifiki kwa mtu yeyote, lakini alikuwa ameshaweka mkebe chini. "Basi yangu mimi imewekwa wapi?" akauliza.

Swali hilo limenikaa kichwani hadi leo. Kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kupima kila kinachoitwa data huria katika nchi hii. Takwimu za serikali huwa huria pale mtu kama yule mama anapoweza kuuliza "yangu iko wapi", akaonyeshwa, na akamjua wa kumhoji asiporidhika. Zikikaa mahali ambapo yeye hafiki, hata kama anwani yake ya intaneti iko wazi kwa dunia nzima, kwake bado zimefungiwa kabatini.

Kwa maandishi tuko mbele, na hilo ni la kusema kwa haki. Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama wa nchi au kuingilia faragha ya mtu. Sheria ya Kupata Habari ilipitishwa mwaka 2005, wakati Kenya na Tanzania zilipata za kwao mwaka 2016. Wizara ya Fedha ina tovuti ya bajeti tangu 2013, na hati zake ni nyingi kuliko muda wa kuzisoma. Mamlaka ya ununuzi wa umma, PPDA, ina tovuti inayoonyesha zabuni na walioshinda. Ofisi ya Takwimu, UBOS, inachapisha sensa na tafiti zake. Mkaguzi Mkuu hupeleka ripoti yake bungeni kila mwaka. Wapimaji wa kimataifa wa uwazi wa bajeti walitupa alama 58 kati ya 100 mwaka 2021, juu ya majirani wengi. Ila wapimaji haohao walipotazama ushiriki wa wananchi, alama yetu haikufika hata 25.

Umbali kati ya alama hizo mbili ndio umbali kati ya Kololo na benchi la mukene.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu lipo, tena limepangwa vizuri kwa Kiingereza safi. Shida ni mahali linapokaa na namna linavyosomeka. Hati ya bajeti inakuja kwa mamia ya kurasa zilizopigwa picha zikageuzwa faili lisilokubali hata kutafutwa neno. Fedha zinaandikwa kwa wizara na kwa programu, na mtu wa kijijini hajui shule ya mwanawe imo kwenye programu ipi. Bando lenyewe la kufungulia faili hilo linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, serikali ilipofuta ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku na kuweka hii.

Miaka michache iliyopita niliamua kuitumia sheria badala ya kuisifu tu darasani. Kituo cha afya nilichokijua kilikuwa kimekarabatiwa, na wodi ya akina mama ilibaki haina mlango. Nikaandika ombi kwa ofisi moja ya umma nikitaka nakala ya mkataba: mlango ulikuwemo au haukuwemo? Nikalipa ada ya shilingi 20,000 iliyowekwa na kanuni za 2011. Kwa kibarua wa shambani hiyo ni kazi ya siku mbili au zaidi, na anailipa kabla hajaona hata herufi moja. Karani akaligeuzageuza karatasi langu, kisha akaniuliza, "Unaitaka ya nini? Umetumwa na nani?"

Sheria inasema wazi kwamba sababu ya mwombaji, au ile anayodhaniwa kuwa nayo, haipunguzi haki yake. Sheria pia inampa ofisa siku 21 kujibu. Nilisubiri miezi mitatu. Kilichokuja ni ukurasa mmoja wenye jumla ya fedha zilizotumika, ambayo niliijua tayari kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kibao cha mradi barabarani. Habari za mlango sikuzipata.

Karani yule simlaumu sana. Ameapa kiapo cha kutunza siri. Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1964 ingali hai, na hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa kutoa nakala ya mkataba. Ukitoa karatasi isiyotakiwa utaadhibiwa, ukiificha hakuna atakayekuuliza. Mtu mwenye watoto shuleni atachagua lipi? Sheria ya 2005 iliwataka mawaziri wapeleke bungeni kila mwaka taarifa ya maombi waliyopokea na majibu waliyotoa. Kama wabunge wangekuwa wanaidai taarifa hiyo kwa ukali, karani angekuwa na hofu ya upande wa pili, nayo ingemsaidia.

Mahakama nazo zimechangia. Mwaka 2009 waandishi wawili wa Daily Monitor, Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama, walikwenda mahakama ya Nakawa kudai mikataba ya mafuta kwa kutumia sheria hiyohiyo. Mwaka uliofuata ombi lao likatupwa. Hakimu hakuridhika kwamba faida ya umma kuiona mikataba hiyo inazidi madhara ya kuifichua. Nchi ikalazimika kungoja hadi Agosti 2020, Uganda ilipojiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta, EITI, ambao unazitaka nchi wanachama zitoe hadharani mikataba iliyotiwa saini au kurekebishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Lakini watu wa Buliisa na Hoima waliishi miaka yote ile juu ya mafuta bila kujua wameuziana nini na nani, na bomba la kilomita 1,443 kwenda Tanga lilipangwa likipita kwenye mihogo ya watu wa Hoima.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Uganda ndiyo iliyoifundisha dunia somo hili, na ni ajabu kwamba sisi wenyewe hatulisimulii.

Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilikuwa inatuma ruzuku ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Vitabu vya Kampala vilionyesha fedha zimetoka. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson wakafuatilia shule 250, wakalinganisha kilichotumwa na kilichopokelewa kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani shule zilikuwa zimepata asilimia 13. Zilizobaki ziliyeyukia njiani, hasa kwenye ofisi za wilaya, na shule nyingi hazikupata hata senti. Serikali, kwa sifa yake, haikuificha aibu hiyo. Ilianza kuchapisha magazetini fedha zinazotumwa kila wilaya, yakiwemo magazeti ya lugha zetu, na ikaagiza kila shule ibandike ukutani kiasi ilichopokea. Ilipofika 2001, shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80.

Wapo wataalamu waliokuja baadaye wakasema tusiligeuze gazeti kuwa muujiza. Miaka ileile kulikuwa na elimu ya msingi bure iliyoanza 1997, mageuzi ya namna fedha zinavyotumwa, na macho ya wafadhili. Nakubaliana nao. Tazama hata hivyo umbo la habari iliyochapishwa: ilikuwa fupi, ilimfikia mzazi kwa lugha yake, ilitaja fedha za mahali anapopajua, ikatoka katika miezi ambayo fedha bado ni za moto, na aliyepaswa kujibu alikuwa mwalimu mkuu anayekutana naye sokoni. Tovuti zetu za leo zimeachana na karibu kila kimoja katika hivyo.

Afya nayo ina hadithi yake, na hii ina mikono miwili. Mwaka 2004 na 2005 Svensson huyohuyo na Martina Björkman walichukua vituo vya afya 50 katika wilaya tisa. Nusu ya vituo wakavitengenezea ripoti fupi ya huduma: mgonjwa anasubiri muda gani, dawa zipo au hazipo. Kisha wananchi wakakaa na wahudumu, wakakubaliana nani atafanya nini, wakaandika. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika maeneo hayo vilikuwa vimepungua kwa theluthi moja. Baadaye watafiti wengine wakafanya jaribio la namna hiyo kwa upana zaidi, vituo 376 katika wilaya 16, na kuhusu vifo hawakuona badiliko kama lile.

Nimeumiza kichwa juu ya tofauti hiyo. Sina dawa yake, ila nina ninachokiona kwa macho. Kwenye kituo cha afya ambacho dawa haziletwi kwa wakati, nesi hana cha kuahidi hata wananchi wamkalie kikao kila wiki. Ripoti inamnyooshea yeye kidole wakati anayepaswa kujibu yuko Entebbe au Kampala. Dawa za serikali zina muhuri wa kuzuia zisiuzwe, na kila mtu kijijini anaujua muhuri ule. Kile ambacho hakuna anayekijua ni maboksi mangapi yaliteremshwa kwenye lori safari hii. Namba hiyo ndiyo ingefaa ibandikwe mlangoni siku ileile lori linapoondoka, ili nesi mwaminifu apate ngao na nesi mwizi akose pa kujificha.

Serikali yenyewe inalijua hitaji hili, na ilipotafuta jina la kikao cha kulitimiza ilikopa kwetu Waswahili. Tangu 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu inaendesha kikao kinachoitwa Baraza, ambapo viongozi wa wilaya wanakuja gombolola, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, kusema walipokea nini na wakafanyia nini. Nimehudhuria kimoja. Hema lilijaa, maswali yalikuwa makali, mzee mmoja alisimama na fimbo yake akauliza kuhusu kisima kilichochimbwa kwa maneno tu. Lakini namba zilisomwa palepale kwa mara ya kwanza, haraka, kwa Kiingereza, na mkalimani akawa anatafsiri nusu. Mtu hawezi kuhoji hesabu aliyoisikia dakika mbili zilizopita. Ingetosha karatasi moja, iletwe wiki mbili kabla na kupachikwa pale watu wanapochajia simu.

Suala la lugha watu hulichukulia kama pambo. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia tena kianze kutumika rasmi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilifurahi. Ila sijaona bado karatasi ya bajeti ya wilaya kwa Kiswahili, wala kwa Kisamia au Kiteso. Yule mama wa mukene hakuwa na akili zaidi ya Kenya kuliko ya Uganda. Kenya ilizungumza naye kwa lugha anayofanyia biashara, ikaanza na mkate.

Na pale ambapo serikali haifungui, watu wanafungua wenyewe. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika wakazi wa Kampala waonyeshe picha za mashimo ya barabarani mtandaoni, na ndani ya siku chache jiji zima likawa ubao wa matangazo. Rais akaagiza fedha zitolewe kwa ukarabati wa barabara za jiji. Mapema 2024 yakaja maonyesho ya Bunge, safari hii kwa nyaraka za matumizi zilizovuja. Niliyafuatilia usiku kucha. Nyaraka zilinisikitisha, na kilichonisikitisha zaidi ni kwamba zilihitaji kuvuja. Matumizi ya Bunge ni ya umma tangu siku yanapoidhinishwa. Vijana waliojaribu kuandamana kwenda Bungeni tarehe 23 Julai mwaka huo walikamatwa kwa makumi. Ukimkamata anayeuliza, hata ungekuwa na tovuti nzuri kuliko zote barani, watu watajifunza kufunga mdomo kwanza na macho baadaye.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunaodai uwazi tunaliruka, nalo ni faragha. Chukua Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ulioanzishwa Kibuku Februari 2022. Parishi hapa si ya kanisa, ni ngazi ya serikali iliyo chini ya gombolola. Kila parishi milioni 100, kila kaya inayochaguliwa mkopo wa milioni moja. Wanakijiji wana haki ya kujua nani amepata, maana hapo ndipo mwenyekiti anapowaweka shemeji zake. Lakini mjane aliyepokea milioni moja, jina lake na namba yake ya simu vikiwekwa mtandaoni, kesho atapigiwa na matapeli kutoka kila kona. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi. Ningependa majina yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaomjua mjane na kumjua shemeji, na mtandaoni ziwekwe hesabu za parishi: wangapi wameomba, wangapi wamepata, wangapi wamerudisha. Mwenye cheo anayelipwa na umma, au mkandarasi anayechukua zabuni, huyo jina lake liwe wazi popote.

Nikiombwa niseme kitu kimoja cha kuanza nacho, ningeacha habari za programu za simu na mashindano ya vijana wa kompyuta. Ningeitaka Wizara ya Fedha itoe, kila robo mwaka, ukurasa mmoja kwa kila parishi: shule zake zimetumiwa kiasi gani, kituo cha afya kiasi gani, barabara ipi na mkandarasi gani, na chini yake cheo na simu ya ofisi ya anayepaswa kujibu. Kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Namba hizo zote serikali inazo tayari, maana ndizo inazotumia kutuma fedha. Na ada ile ya 20,000 ifutwe.

Mwaka jana, kwenye shule moja ya msingi huku mashariki, nilimkuta mama akinakili kwenye daftari la mtoto karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi. Ilikuwa taarifa ya ruzuku ya muhula, wino umepauka kwa jua, kona moja imeliwa na mchwa. Kilichomshughulisha hakikuwa fedha. Alikuwa ameona idadi ya wanafunzi, na ilikuwa kubwa kuliko watoto anaowaona paredi asubuhi. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hawa wengine wako wapi?"

Nikadhani najua jibu, kwamba ni wanafunzi hewa. Jumamosi ile kulikuwa na mkutano wa wazazi, nami nikabaki. Akasimama, akafungua daftari, akauliza mbele ya wote. Mwalimu mkuu hakukasirika. Akatoa rejesta ya Februari, akaanza kusoma majina darasa kwa darasa, na kila alipotaja jina wazazi walijibu: yuko, yuko, huyo alikwenda ziwani na mjomba wake, huyo ameolewa, huyo anachunga ng'ombe, yuko. Ilichukua saa nzima. Habari za fedha hazikuguswa tena siku hiyo. Mama yule akageuza ukurasa mpya, akaomba kalamu kwa jirani yake kwa kuwa yake ilikuwa imekwisha wino, akaanza kuandika majina ya watoto ambao hawajarudi, na mbele ya kila jina, nani atakwenda kuwatafuta.